Niliazima Kadi Yangu

Sisi walimu wa Kiswahili tunazo jozi za maneno ambazo kila mwaka tunawafundisha wanafunzi kuzitofautisha, na kila mwaka wanazichanganya upya. Mojawapo ni 'kuazima' na 'kukopa'. Kitu kilichoazimwa hurudi chenyewe: jembe, sufuria, mwavuli, kitabu. Kitu kilichokopwa hakirudi chenyewe kwa kuwa kimekwisha tumika. Kinachorudi ni mfano wake au thamani yake. Mtu huazima jembe, akarudisha jembe lile lile. Hukopa kilo ya sukari, akarudisha sukari nyingine. Hapa Koboko tofauti hii ina ugumu wake zaidi, maana mwanafunzi huja darasani na Kikakwa cha nyumbani, Kinubi au Kilugbara cha jirani, Kilingala cha sokoni na Kiingereza cha shuleni, na Kiingereza hicho kina neno moja tu linalobeba jembe na sukari pamoja.

Nimeifundisha tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata hivyo, siku moja ya mwaka 2022 nilijikuta nimetunga sentensi ambayo mimi mwenyewe sikuweza kuichanganua: niliazima kadi yangu. Si kadi ya mtu mwingine, bali kadi yangu ya benki, yenye jina langu juu yake. Nilikwenda kuiomba kwa adabu, nikaahidi kuirudisha kabla ya jua kutua, na kweli nikairudisha. Ningependa kuwaeleza wenzangu jinsi mwalimu wa lugha anavyoweza kufika mahali kama hapo, kwani nina hakika kwamba siko peke yangu, na kwa kuwa mambo haya katika vyumba vya walimu huzungumzwa kwa kunong'ona tu.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko, na baada ya karibu miaka miwili zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Sisi wa shule za Serikali tuliendelea kulipwa mishahara muda wote huo. Wenzetu wa shule za watu binafsi hawakuwa na bahati hiyo. Wengi waligeuka wachuuzi, waendesha bodaboda na wafyatua matofali. Basi sikuwa na haki ya kulia sana. Lakini shule zote zilipofunguliwa siku moja, karo za watoto wote zilidaiwa siku moja, na mimi nilikuwa na watoto wawili katika sekondari za bweni. Nilihitaji Sh. 500,000/=. Kisha, nami sitaficha, palikuwa na arusi ya mtoto wa dada yangu. Mjomba hawezi kufika arusini mikono mitupu, na kikao cha ndugu kilikuwa kimekwisha nipangia mchango wa Sh. 300,000/=. Jumla ikawa Sh. 800,000/=, kiasi kilichozidi mshahara wangu wa mwezi mzima baada ya makato.

Ile methali ya 'kukopa arusi, kulipa matanga' nimeiandika ubaoni mara nyingi, pamoja na maelezo ya sitiari yake. Sikutambua kwamba kuna siku ambayo methali haina sitiari yoyote, ni habari tu.

Mtu niliyemwendea nitamwita Tajiri, kama wateja wake wote tulivyomwita. Hakuwa mtu katili, na nasema hivi kwa sababu wasimulizi wa visa kama hivi hupenda kumpa mkopeshaji pembe na mkia. Alinikaribisha chai, akaniuliza hali ya nyumbani, akanihesabia noti mbele ya macho yangu. Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, riba ya asilimia 20 kwa kila mwezi. La pili, kadi yangu ya benki ibaki kwake pamoja na namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi kijana wake angekwenda kwenye mashine ya benki, atoe mshahara wangu, akate riba na kunipa kilichobaki. Ama deni lenyewe, hilo lingengoja mpaka nitakapoweza kulilipa lote kwa mara moja.

"Mwalimu, nakupunguzia safari za benki," aliniambia.

Nilimtajia namba ya siri kwa sauti ya chini, kana kwamba kupunguza sauti kungeifanya iendelee kuwa siri.

Hapa pana jambo la lugha ambalo lilinipita. Rehani, kama tunavyoifundisha, ni kitu kinachotulia. Mtu akiweka saa yake rehani, saa hukaa sandukuni, na aliyeishika haivai. Si ajabu kwamba wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamejadiliana kwa karne nyingi iwapo mwenye kushika rehani anaweza kunufaika nayo, kwani palipo na manufaa hapo ndipo riba inapojificha. Kadi yangu haikutulia. Ilikuwa kama ng'ombe aliyewekwa rehani, naye aliyemshika akawa anamkama kila mwezi, kisha anampa mwenye ng'ombe maziwa yaliyosalia na kungoja shukrani. Mimi nilishukuru. Kila mwezi nilisema, "Asante, Tajiri," nikitia mfukoni mshahara wangu mwenyewe uliokatwa.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi, hata mwanafunzi wa darasa la tano angeiweza, na labda ndiyo sababu mimi sikuifanya. Asilimia 20 ya Sh. 800,000/= ni Sh. 160,000/=. Mwezi wa kwanza Sh. 160,000/=, wa pili Sh. 160,000/=, na deni liko pale pale. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimekwisha lipa Sh. 800,000/= kamili, yaani kiasi kile kile nilichochukua, na bado nilidaiwa Sh. 800,000/=. Nilijua kwamba kila mwezi fedha zinakatwa, lakini kujua kwangu kulikuwa kama kwa mtu anayejua kwamba paa linavuja, naye huhamisha tu kitanda.

Mwaka huo ulikuwa na mzaha wake. Mwezi wa Juni walimu wa masomo ya sanaa tuligoma, tukidai tulipwe kama wenzetu wa sayansi. Mapema Julai Baraza la Mawaziri likaamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, jambo ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa limekwisha semwa katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Tarehe 7 Julai dunia ikaadhimisha Siku ya Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu UNESCO ilipoitangaza. Nasi wa Koboko tukafurahi, hasa tuliokua katika miaka ambayo watu wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kutoka vinywani mwa askari tu, wakakiogopa kwa ajili hiyo. Mwezi huo huo wa Julai, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya Serikali alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4. Sisi wa lugha tukabaki tulipokuwa.

Tajiri alisikia habari ya nyongeza redioni, akaniita kwa furaha. "Mwalimu, hongera! Wewe unafundisha somo gani vile?" Nilipomjibu kwamba nafundisha Kiswahili, aliguna, akarudisha kopo la kadi mahali pake.

Hilo kopo lazima nilieleze. Lilikuwa kopo la bati la biskuti, na ndani yake kadi zilipangwa wima kama faharasa ya maktaba. Kila kadi ilizungushiwa kikaratasi chenye jina, mahali pa kazi na namba ya siri, kikafungwa kwa mpira. Sikuzihesabu, lakini hazikuwa kumi wala ishirini. Nilitambua majina ya walimu wawili wa shule ya jirani, ya muuguzi mmoja, na ya mtu mmoja ambaye kila Jumapili husimama mbele ya watu na kuwashauri juu ya maisha. Tangu siku hiyo tulipokutana njiani tulisalimiana kwa upole usio wa kawaida.

Mwezi wa Agosti kijana wa Tajiri alichanganya vikaratasi. Aliitia kadi yangu mashinini na namba ya mtu mwingine, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mashine ikaifunga kadi. Hapo ndipo nilipoazima. Tajiri alinikabidhi kadi kama mtu anayemkabidhi mtoto sahani ya kaure, akanitaka niifungulie benki na kuirudisha siku hiyo hiyo. Karani wa benki, binti mdogo ambaye umri wake ungemfanya awe mwanafunzi wangu wa zamani, aliniuliza kama ilivyo desturi: "Mwalimu, kuna mtu mwingine yeyote anayeijua namba yako?" Nilisema, "Hapana." Nilisema pia kwamba nimesahau namba kwa sababu ya uzee. Akacheka, akanisaidia. Nilitoka benki nikiwa na kadi mkononi, nikasimama chini ya mti ulio mbele ya jengo lile. Ningeweza kwenda nyumbani nayo.

Baadhi ya wadaiwa hufanya hivyo. Humwambia karani kwamba kadi imepotea, hupewa mpya, na Tajiri hubaki ameshika kipande cha plastiki. Sitajifanya kwamba ni uaminifu tu ulionizuia. Nilikuwa nimetia sahihi karatasi ambazo sikuzisoma vizuri. Lakini pia palikuwa na kumbukumbu ya baba yangu.

Kabla ya mwaka 1972, baba alikuwa akilima tumbaku, na alipokwenda Arua alinunua vitu katika duka la Mhindi mmoja. Msimu ukiwa mbaya, alikopa kwa daftari. Mhindi aliandika kwa maandishi ya kwao ambayo baba hakuyajua, naye baba, ambaye hakujua maandishi yoyote, alichora alama kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yake. Mwisho wa msimu walilinganisha daftari na mlango. Ule usemi wa madukani, 'mali bila daftari hupotea bila habari', baba alikuwa akiutimiza kwa mkaa. Agosti 1972 Waasia waliamriwa kuondoka Uganda katika muda wa siku 90. Baba alipofika Arua na fedha za tumbaku, mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Mwaka 1979 tulikimbilia Zaire, na tuliporudi nyumba ilikuwa imeungua pamoja na mwimo wake na alama zote. Hata hivyo, mpaka uzee wake baba alikuwa akisema, "Mimi nadaiwa shilingi kumi na tisa." Alisema hivyo bila ya majonzi, kama mtu anayetaja urefu wake.

Nilipokuwa kijana niliona kwamba ni ukaidi wa wazee. Chini ya mti ule niliona jambo jingine, kwamba baba alijua anadaiwa kiasi gani, na mimi nilikuwa sijui. Sikuwa na daftari, wala mwimo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni, na majirani zangu Waislamu walinikumbusha jambo hilo baadaye. Mimi niliyeishi kwa kuandika ubaoni sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Nikarudisha kadi kwa Tajiri kabla ya jua kutua.

Kilichonitoa hapo kilitoka darasani. Ilikuwa Februari 2023, kidato cha tatu, nami nilikuwa nikifundisha msamiati wa biashara: dhamana, amana, karadha, rehani. Katika darasa la Koboko somo hili huwa na uhai, maana watoto wetu wamelelewa mpakani. Mama zao huuza mihogo kwa shilingi za Uganda, wakanunua vitenge kwa faranga za Kongo, na kusikia bei ya paundi za Sudan Kusini kutoka Oraba kabla ya kusikia habari nyingine. Mvulana mmoja alisema kwamba sokoni kwao deni linaitwa 'nyongo', nikaeleza kwamba hilo ni neno la Kilingala, na kwamba katika Kiswahili sanifu nyongo ni ule uchungu wa kijani ulio karibu na ini. Darasa likacheka sana. Mzee mmoja wa nyuma (tunao wanafunzi wazee, waliochelewa kwa sababu ya Uviko) akasema kwamba haoni tofauti.

Kisha nikaomba sentensi yenye neno 'rehani'. Msichana mmoja wa safu ya mbele, mwenye bidii kuliko wote, alisimama na kusema kwa matamshi safi kabisa: "Mwalimu ameweka kadi yake rehani."

Sarufi yake haikuwa na kosa. Upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi, na neno limetumika penyewe. Hakukusudia ubaya. Nilikuja kujua kwamba kijana anayetumwa na Tajiri kwenda benki ni kaka yake, na kwamba nyumbani kwao kadi za walimu ni jambo la kawaida kama mizani dukani. Alidhani anatoa mfano tu. Baadhi ya wenzake waliinama, hao walielewa. Nilisema, "Vizuri, keti," nikageuka ubaoni na kuiandika sentensi ile kama nilivyoandika za wengine, kwa kuwa sikujua la kufanya. Mkono ulinitetemeka nilipofika kwenye neno 'yake'.

Jioni hiyo nilimweleza mke wangu. Alikuwa akijua. Wanawake wa soko la Koboko wana habari za mshahara wa kila mtu. Hakunilaumu kwa kukopa. Yeye hukopa na kukopesha kila wiki katika kikundi chao cha akiba, wakiwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu mbalimbali. Alichonilaumu ni kutosema. "Baba watoto," alisema, "sisi wanawake thelathini hatumwamini mtu mmoja kushika funguo zote. Wewe uliyesoma umempa mtu mmoja kufuli na ufunguo." Kisha akaleta daftari la hesabu la mtoto, akalikata katikati, akaniambia niandike.

Kwa hiyo niliandika. Tangu mwisho wa Februari 2022 hadi mwisho wa Machi 2023 ni miezi 14. Mara 14 Sh. 160,000/= ni Sh. 2,240,000/=. Deni lililobaki ni Sh. 800,000/=. Tulikaa kimya, tukizitazama tarakimu hizo kwa mwanga wa taa ya jua.

Walimu wa wilaya yetu wana chama chao cha akiba na mikopo, Sacco kama inavyoitwa, ambacho nilikuwa nimekidharau kwa kuwa fomu zake ni nyingi na mkopo wake huchukua wiki kadhaa. Riba yake ni asilimia 2 kwa mwezi, tena kwa deni linalopungua. Nilijiunga, nikangoja, nikajaza fomu zote, na mke wangu akaongeza akiba yake ili niweze kufikia kiwango cha kukopeshwa. Kwa Sh. 800,000/= zile zile, zilizolipwa kwa awamu sawa katika miezi 12, riba yote ni Sh. 104,000/=. Wasomaji wanaopenda hesabu wanaweza kuipima. Ni pungufu ya riba ya mwezi mmoja kwa Tajiri. Tofauti ya mikopo hiyo miwili ilikuwa wiki chache za kungoja na aibu ya kuonyesha makaratasi yangu kwa walimu wenzangu walio katika kamati, na kwa ajili ya kuikwepa aibu hiyo nilikuwa nimelipa zaidi ya milioni mbili.

Tajiri alizihesabu fedha zake, akafungua kopo, akanirudishia kadi pamoja na kikaratasi chake. Sikumshitaki. Nilikuwa nimesikia kwamba Uganda ina sheria ya mwaka 2016 inayowataka wakopeshaji wawe na leseni na kuwaweka chini ya mamlaka maalumu, na kwamba mamlaka hiyo imekataza kadi za benki na vitambulisho vya taifa kushikwa kama rehani. Mwaka 2024 Serikali iliweka pia kikomo cha riba ya wakopeshaji, asilimia 2.8 kwa mwezi. Huenda nilikosea kunyamaza. Mwenzangu mmoja ananiambia mpaka leo kwamba nilikuwa mwoga. Lakini nilikuwa nimekunywa chai ya mtu yule kwa miezi 14 nikimwambia asante, na sikujua ningeanza vipi kumwita mhalifu.

Nilikwenda mashinini siku hiyo hiyo. Ilinibidi nitoe kikaratasi cha Tajiri na kusoma namba yangu ya siri katika mwandiko wa kijana wake, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeisahau kweli. Kisha nikaibadilisha.

Desemba 2023 nilikwenda Nairobi, nikakaa kwa rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha Kiswahili huko. Yeye ana kadi ya mkopo ya kweli kweli, ambayo hapa kwetu Koboko ni adimu kama theluji. Nilimweleza kisa changu kama mtu anayesimulia mambo ya shamba kwa mtu wa mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi ya hesabu ya kadi yake na kuiweka mezani.

Kadi yangu hutoa fedha zilizo zangu. Ya rafiki hutoa fedha za benki. Akinunua kitu leo, benki humlipia, na mwisho wa mwezi humletea hesabu. Akilipa hesabu yote kabla ya siku iliyotajwa, hatozwi riba hata senti, na kwa wiki kadhaa atakuwa ametumia fedha za watu bure. Lakini hesabu ile ina mstari mwingine unaosema kiasi cha chini anachoruhusiwa kulipa, na mstari huo umeandikwa kwa upole sana. Rafiki yangu alikuwa akilipa kiasi cha chini. Tuliketi na kalamu. Tuseme mtu anadaiwa Sh. 100,000/= za Kenya, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, naye hulipa sehemu moja ya kumi ya deni kila mwezi bila ya kununua kitu kingine chochote. Baada ya mwaka mzima atakuwa amelipa karibu Sh. 86,600/=, na bado atadaiwa karibu Sh. 42,700/=. Na akitumia kadi hiyo kutoa fedha taslimu kwenye mashine, kwa kawaida riba huanza siku ile ile, hana wiki za bure. Rafiki yangu, ambaye ni fundi wa ushairi na hupima mizani kwa vidole, hakuwa amewahi kupima jambo hili.

Kadi hizi si za zamani. Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta bila ya wao kuziomba, na kadi hiyo ndiyo iliyopewa jina la Visa mwaka 1976. Benki ilitazamia kwamba asilimia 4 ya hesabu zingechelewa kulipwa; zikawa asilimia 22. Watu wa Fresno walipewa daftari wasiloliona, kama mimi. Na leo hata kadi haihitajiki. Tangu M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, na MoKash kwetu Uganda mwaka 2016, mtu hukopa kwa kubofya simu akiwa kitandani. M-Shwari ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na wengi huiona kuwa ndogo kwa sababu haijazidishwa mara 12. Sisemi kwamba mikopo hiyo ni mibaya. Mama mchuuzi anayekopa asubuhi na kulipa jioni baada ya kuuza samaki ameitumia vizuri kuliko mimi na shahada yangu. Yeye anajua siku ya kulipa kabla ya kukopa.

Rafiki yangu aliikata kadi? La. Aliacha kununua nayo kwa miezi minane mpaka alipomaliza deni, na sasa hulipa hesabu yote kila mwezi. Ananiandikia kiasi alicholipa, nami namwandikia kiasi nilichoweka Sacco, kama watoto wanaoonyeshana madaftari.

Sasa narudi kwenye lugha, kwani nina ombi kwa wenzangu. Katika darasa langu neno 'kadi' linatumika kwa vitu viwili vilivyo kinyume kabisa. Nimeanza kuwafundisha wanafunzi waseme 'kadi ya akiba' kwa ile inayotoa fedha za mwenyewe, na 'kadi ya mkopo' kwa ile inayotoa fedha za benki, lakini mitaani hakuna anayesema hivyo. Zote ni 'kadi' tu. Ningependa kujua walimu wa Mombasa, Dar es Salaam na Bunia wanazitofautishaje. Pia kamusi za zamani huipa 'kopa' maana ya pili ya kulaghai, na 'mkopi' akawa mtu wa hila. Je, iko mahali ambapo maana hiyo ingali hai katika mazungumzo ya kila siku?

Ama sentensi ya yule msichana, sikuifuta katika maandalio yangu ya somo. Mwaka huu niliitumia tena katika kidato cha tatu. Niliiandika ubaoni mwenyewe, nikawataka wanafunzi waigeuze iwe ya wakati uliopita.